Mguu wa Jumapili

Akina mama wa kijiji cha Karangdih hawaendi uwanjani mikono mitupu. Kila mmoja hubeba furushi la majani mapana ya mti wa msali na njiti za mianzi, akakaa juu ya mawe mekundu upande wa kanisani, na huku macho yakifuata mpira wa magongo vidole vinashona sahani za karamu. Mechi ikiwa tamu, sahani hutoka kombo, na kwenye harusi inayofuata mchuzi huwamwagikia wageni mapajani. Hakuna anayelalamika, maana wageni wenyewe walikuwepo kwenye mechi.

Ignasia Dungdung, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Binita, alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote pale maweni. Lakini binti yake alipogusa mpira hakushona hata jani moja. Alikuwa anacheza naye. Bega lilimtangulia, mguu wa kulia ulirukaruka ndani ya sari, na jirani aliyekaa karibu naye alikuwa akila viwiko bila kosa lolote. Enzi zake alicheza mwenyewe, pekupeku, sari imefungwa kiunoni, kwa gongo la mwanzi lililopindwa kwenye moto, na timu yao ilishinda mbuzi wa mashindano katika vijiji vyote hadi ng'ambo ya mto. Mbuzi wenyewe waliliwa na wanaume. Kichwa alipewa mkuu wa kijiji, na wasichana wakaambulia mchuzi. Mwaka uliofuata aliolewa na Amrus, na gongo lake likaishia jikoni kwa mama mkwe, likachemsha sufuria ya wali. Alisema hakulililia, na kama alililia basi alijificha vizuri.

Kwa hiyo Binita alipoanza kutembea huku anasukuma mbegu za mti wa mahua kwa fimbo uani, Ignasia aliacha kupepeta mchele akamtazama. Amrus, ambaye miezi mingi ya mwaka huwa mbali kwenye matanuri ya matofali, alipewa habari hiyo kwa simu kama mtu anayepewa habari ya kuzaliwa mtoto mara ya pili.

Kulea mtoto wa magongo ni kazi, na shule ya kazi hiyo ilikuwa pale pale maweni. Mwalimu mkuu alikuwa Filomina Soreng, Mama Salomi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele ya kanisa, ambaye binti yake alichezea timu ya reli na aliwajengea wazazi nyumba ya saruji. Mtu mwenye nyumba ya saruji husikilizwa. Filomina ndiye aliyewafundisha wenzake kukata mwanzi karibu na mzizi, kwenye ugumu wake, na kuukausha juu ya jiko msimu mzima kabla ya kumkabidhi mtoto. Ndiye aliyesema mtoto anywe uji wa ulezi alfajiri wala asipewe kiporo, kwa sababu kiporo kinakwenda kulala tumboni. Viatu vipya visivaliwe siku ya mechi. Mama asipige kelele za kumwelekeza mtoto akiwa uwanjani, maana mtoto hawezi kufuata mpira na mdomo wa mama yake kwa pamoja. Baba aliyekwisha kunywa pombe ya mchele abaki nyumbani, na akikataa kubaki afungiwe. Mtoto akishindwa, asiambiwe neno mpaka ashibe. Yalikuwa mashauri mazuri yote hayo, na hadi leo hakuna aliyeyapinga.

Shauri moja tu lilikuwa gumu, nalo lilihusu bweni. Mtoto akichaguliwa kwenda kukaa kituo cha michezo kule mjini, Filomina alisema, mama asimfuate mwaka wa kwanza, na akililiwa kwenye simu asilegee. Hakulitoa hewani. Mabinti wa mwanzo kabisa waliochukuliwa Karangdih walilia, mama zao wakaenda mbio kuwarudisha, na nyumbani walipofika hapakuwa na cha kufanya. Muda si muda walikuwa Delhi wakisugua masufuria ya watu. Filomina aliwataja mmoja mmoja kwa majina, na mama zao walikuwepo kanisani kila Jumapili, benchi la nyuma, wakisikiliza watoto wa wenzao wakiombewa kabla ya mechi.

"Na atakudanganya," Filomina alisema. "Hatakuambia, Mama, nimekukumbuka. Hilo wanaona aibu. Atasema mguu unauma. Salomi wangu huyu mnayemwona alikuwa na mguu wa Jumapili tangu kupandikiza mpunga mpaka kuvuna. Jumapili kwenye simu mgonjwa mahututi. Jumatatu mwalimu anasema hakamatiki."

Walicheka mpaka majani yakawaanguka. Tangu siku hiyo maweni palikuwa na jina la ugonjwa wa kumkumbuka mama, na kila mama ambaye mtoto wake alikwenda bwenini aliulizwa kama mguu wa Jumapili umekwisha kufika au bado uko njiani.

Binita alichaguliwa alipokuwa na miaka kumi na miwili. Ignasia alimfungia unga wa ulezi na chupa ya mafuta ya haradali, akamsindikiza hadi barabarani, na hakulia, kwa sababu alikuwa ameambiwa asilie. Binti alimtazama usoni kwa muda mrefu akitafuta chozi. Alipolikosa, alipanda basi na begi lake na gongo lake, akaketi upande wa pili, mbali na dirisha alipoweza kuonwa na mama yake.

Simu ya Ignasia haishiki mtandao nyumbani. Inashika maweni tu, upande wa kanisani, na kituo kinawaruhusu watoto kupiga Jumapili baada ya misa. Hivyo Binita hakuzungumza na mama yake peke yake hata siku moja. Alizungumza na mawe yote. Mwanzoni lilikuwa jambo la raha. Akina mama waliisogelea simu, kila mmoja akatupia salamu na utani, wakamuuliza kama amekwisha kunenepa kwa mayai ya serikali, na Binita akajibu mmoja baada ya mwingine kwa adabu zake zote.

Mvua zilipokolea alisema, "Mama, mguu unaniuma. Hapa juu ya goti. Wakati wa kulala ndio unazidi."

Ignasia aliinua macho. Filomina alikuwa amekwisha kupandisha nyusi. Mama Rejina, kijana kuliko wote, alijiziba mdomo kwa pindo la sari lakini kicheko kilimponyoka, na kikawaambukiza wengine. Na Ignasia naye, lazima tulitaje hili kama lilivyokuwa, alicheka.

"Huo ni mguu wa Jumapili, mwanangu. Jikaze. Kesho utakuwa umepona."

 Kisha Binita akauliza ni akina nani wanaocheka, akaambiwa ni shangazi zake, naye akacheka kidogo, kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa akalelewa.

Jumapili iliyofuata alisema tena, kwa sauti ya chini zaidi, na akajibiwa yale yale. Aliambiwa apake mafuta ya haradali yenye chumvi. Halafu ikafika Jumapili ambayo mama yake alimtania yeye mwenyewe kabla hajasema, akamuuliza mguu wetu hajambo, na Binita akajibu umepona. Ignasia aliwatangazia wenzake. Filomina alijipiga paja kwa furaha na kusema si niliwaambia. Kichwa kilimvimba Ignasia siku ile, hakuna njia nyingine ya kusema. Aliona amevuka mtihani ambao akina mama wengine walianguka. Na Rejina naye alipochaguliwa miezi michache baadaye, ni Ignasia aliyemkalisha Mama Rejina chini akamfundisha. Usimfuate. Akilia, kata simu. Wangu alinyamaza mwenyewe.

Krismasi watoto walirudi likizo. Siku ya pili ya Krismasi kuna mashindano ya kugombea mbuzi, na watu hutoka mbali. Binita, ambaye kijiji kizima kilijua ni mshambuliaji, aliomba kukaa golini. Maweni paliibuka minong'ono. Ignasia aliona haya, akadhani mjini wamemharibu mtoto au wamemtia woga, na akamsema njiani wakati wa kurudi. Binita alitembea nyuma yake. Alikuwa akitembea polepole tangu aliposhuka kwenye basi, lakini Ignasia alikuwa amejiambia ni maringo ya mjini.

Jioni, chakula kikiwa bado mekoni, alimwita amkande miguu kwa mafuta, kama alivyozoea kila baada ya mechi. Mguu wa kushoto ulikuwa mguu. Kwenye mguu wa kulia, juu ya goti, mkono wake ulikutana na kitu kigumu, cha moto, kikubwa kama yai. Aliondoa mkono, akaurudisha.

"Hiki kipo tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na mbona hukusema?"

Binita alimtazama. Hakuwa na hasira hata chembe, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Nilisema, Mama."

Hospitali ya misheni iliwatuma hospitali kubwa, na ile kubwa ikawatuma kubwa zaidi, upande wa magharibi kabisa, siku mbili kwa treni. Amrus aliacha matofali akawakuta huko. Ilikuwa saratani ya mfupa. Mguu ulikatwa. Ignasia alimuuliza daktari, binti mdogo tu mwenye macho yaliyochoka, kama mtoto angeletwa wakati wa mvua ingekuwaje. Daktari alipanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Akasema, labda. Ignasia aliibeba labda ile hadi nyumbani, na hajapata mahali pa kuitua.

Binita alirudi akakaa maweni na akina mama, akashona sahani. Alishona vibaya, majani yakampasukia, na shangazi zake walizinunua zote. Hakumlaumu mtu. Aliwafundisha wadogo namna ya kushika gongo, kwa kuelekeza kwa kidole, na waliporusha mpira ukaja karibu naye alijisahau akataka kuinuka. Baadaye saratani ikapanda kifuani, kikaanza kumbana. Misali ilipotoa maua mwaka ule yeye hakuwepo. Wasichana wa timu waliinua magongo yao juu ya njia ya makaburini, jeneza likapita chini yake, na Ignasia alitembea wima kabisa, akawatisha watu kwa wima ule.

Filomina alikuja nyumbani kwake kesho yake. Hakusema pole. Alichanganya udongo na samadi, akainama na mwili wake wote ule mpana, akaisiriba sakafu ya Ignasia chumba hadi chumba, kisha ukuta, kisha baraza, na keshokutwa yake akaja tena akasiriba palipokuwa pamekwisha kusiribwa. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya pale maweni. Shauri lao lilikuwa la kweli kwa watoto wengi, na hapo ndipo penye uchungu wake. Lile jina la ugonjwa lilikufa lenyewe. Hakuna aliyelikataza, ila hakuna aliyelitamka tena.

Ignasia aliacha kukaa uwanjani. Simu ile alimpa Amrus aende nayo kwenye matofali. Alishona sahani zake nyumbani, na kwa mara ya kwanza zote zilitoka sawasawa.

Mvua zilirudi. Jumapili moja ametoka misa na furushi la majani kichwani, njia yake ilimpitisha karibu na mawe, na hapo Mama Rejina alikuwa na simu sikioni. Ignasia hakuwa akisikiliza. Ila alisikia Mama Rejina akiuliza, mguu gani, kisha akasikia ukimya ulioshuka juu ya mawe yale kwa mpigo mmoja. Mama Rejina alimwona. Alijua vilevile ni nani aliyemfundisha. Aligeuka upande, akamwambia mtoto haraka haraka ajikaze, akakata simu.

"Ni yale yale tu, Dada," alisema, bila kuulizwa. "Si unajua watoto. Jana tu Madamu wa kituo kaniambia anacheza vizuri."

Ignasia aliushusha mzigo wake chini.

"Kesho tunakwenda kumwona."

"Kesho? Kesho napandikiza mpunga. Miche imekwisha kung'olewa."

"Iache ioze hapo hapo shambani. Twende."

"Dada, wewe mwenyewe ulinikalisha pale kwangu ukaniambia nisimfuate."

"Nilikuambia," Ignasia alisema. "Nilikuambia kwa mdomo huu. Sasa mdomo huu huu unakuambia twende. Usipokuja nakwenda peke yangu, na getini nitasema mimi ndiye mama yake."

Mama Rejina alimtazama Filomina, kama wote walivyozoea kumtazama Filomina jambo linapokuwa zito. Ilikuwa hamu yake aambiwe akae. Kumwendea mtoto ni kuvunja shauri, na ukishavunja mara moja mtoto anakuwa na njia, atalia tena na tena, mwisho arudi, na baada ya kurudi kila mtu anajua kinachofuata. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Filomina alikuwa anakunja jani, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nendeni," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo hawakujua anayo. "Shamba lako tutapandikiza sisi."

Waliondoka na basi la alfajiri. Mama Rejina alinung'unika nusu ya njia na kusinzia nusu iliyobaki. Ignasia alikaa dirishani na chupa ya mafuta ya haradali mapajani. Hakuijua njia ile. Aliangalia kila daraja na kila duka la chai, akifikiri kwamba Binita aliviona hivi vyote, peke yake, kwa macho ya mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye mama yake hakulia.

Walifika kituoni jua likiwa bado halijafika utosini. Madamu, mwalimu wao, alitoka getini amekunja uso. Alisema leo si siku ya wageni, na kwamba wazazi wakianza kuja kila mtoto anapolialia wanamharibia yeye kazi na wanawaharibu watoto wenyewe. Alisema mambo ambayo Ignasia aliyasema zamani kwa fahari, karibu neno kwa neno. Ignasia hakubishana naye.

"Hatukai, Mwalimu. Tunataka kuuona mguu tu."

Kitu katika namna alivyolisema kilimfanya Madamu amtazame vizuri, na pengine alimkumbuka ni mama wa nani. Aligeuka, akapuliza filimbi, akaita jina la Rejina.

Mtoto alikuwa upande wa mbali kabisa wa uwanja. Aligeuka, akaona sari mbili getini, akaitambua moja. Akalitupa gongo lake chini, kosa kubwa mbele ya Madamu, akakimbia. Alikimbia uwanja mzima, nywele zimemfunguka, miguu yote miwili ikipokezana, akamrukia mama yake nusura amwangushe.

Ignasia alikuwa amekwisha kupiga magoti. Aliukamata mguu wa kulia, akaubonyeza juu ya goti, chini ya goti, nyuma, kama mtu anayetafuta mwiba. Kisha wa kushoto. Kisha wa kulia tena. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na vumbi, na kidonda kidogo cha mbu.

"Unauma wapi, mama?" alimuuliza.

Rejina alitazama chini. "Hauumi, Shangazi. Nilitaka Mama aje."

Mama Rejina alipandwa na aibu ya Madamu, ya nauli, ya miche iliyong'olewa. Aliinua mkono ampige. Ignasia aliudaka ule mkono hewani.

"Usimpige. Mguu mzima huu. Tazama, mzima."

Na hapo, baada ya mazishi yote na sakafu zote zilizosiribwa, akaanza kulia. Alilia amekaa vumbini, ameukumbatia mguu wa mtoto wa watu, kwa sauti, mpaka wasichana uwanjani wakaacha mpira na Madamu akasahau filimbi mdomoni. Rejina alitishika. Alidhani ndiye aliyefanya hivyo.

"Nisamehe, Shangazi," alisema. "Sitasema tena."

Ignasia aliinua uso haraka, kamasi na machozi vimechanganyika, akamshika mabega.

"Sema," alimwambia. "Kila Jumapili, sema. Hata kama ni uongo, sema."

Walimwachia mafuta ya haradali. Madamu mwenyewe aliwasindikiza hadi kituo cha basi, akawashikia mlango. Ndani ya basi Mama Rejina alisema hajui atawaambia nini wenzake maweni, Ignasia akamwambia awaambie mguu ni mzima. Basi lilipita madaraja yale yale na maduka yale yale ya chai. Walipofika Karangdih wanawake walikuwa bado wameinama shambani kwa Mama Rejina, mistari ya mwisho, Filomina mbele yao na tope hadi magotini, na jua lilikuwa halijazama. Kwenda na kurudi ilikuwa safari ya siku moja tu. Ignasia alikuwa hajawahi kuifanya.